Nakala ni Amana

Mwaka 2022, katika sebule moja ya Deira mjini Dubai, bibi mmoja mwenye asili ya Unguja aliniuliza swali la maneno mawili: "Nani amesoma?" Mimi nilikuwa na nambari ya kumpa. Yeye alitaka majina. Tangu siku hiyo nimejaribu kueleza, nafsini mwangu na mbele ya wanafunzi ninaowasimamia, kwa nini nambari ile haikuwa jibu, na kila nikijaribu hujikuta mbele ya suala moja la kimaadili ambalo mafunzo yangu yote ya uzamivu hayakunifundisha kulitamka. Mtu akikuruhusu kunakili maandishi ya marehemu wake, amekupa nini hasa?

Uwanja ninaoufanyia kazi huitwa insia za kidijitali. Kwa ufupi, ni kuzisoma fasihi, historia na lugha kwa msaada wa kompyuta. Tunapiga picha miswada ya mkono, tunayageuza maandishi yake kuwa data, kisha tunaiuliza data hiyo maswali ambayo msomaji mmoja hawezi kuyajibu kwa macho yake hata akijaaliwa umri mrefu. Neno fulani limetumika mara ngapi katika mamia ya tenzi? Mtunzi yupi anafanana na yupi katika vina vyake? Beti zipi zimesafiri kutoka mkono mmoja hadi mwingine? Nilikwenda Ulaya kusomea kazi hii nikiwa na shauku, na shauku hiyo ningali nayo. Ninayoyasema hapa nayasema nikiwa ndani ya kazi yenyewe, na sina nia ya kuiacha.

Wenzangu walishangaa niliposema kwamba nakwenda Dubai kutafuta miswada ya Kiswahili. Walidhani nimepotea njia. Lakini ukipita mtaa wa zamani wa Al Fahidi, kando ya hori linaloitenga Deira na Bur Dubai, inua macho utazame dari. Utaona boriti za mikoko, na mikoko hiyo haikuota Ghuba. Ilikatwa katika pwani yetu, Lamu na kwenye delta ya Rufiji, ikapakiwa majahazini na kupelekwa kaskazini na pepo za kusi. Huku na kule, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Watu nao walisafiri kwa njia hiyo hiyo. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, baadhi ya familia za Unguja na Pemba zilivuka bahari kuelekea Ghuba, na nyingine zikafikia Dubai miaka kadhaa kabla ya Umoja wa Falme za Kiarabu kuundwa Desemba 1971. Waliokuja na masanduku walikuja pia na karatasi.

Zaidi ya hayo, Dubai imejifanya kuwa mji wa nakala. Kituo cha Utamaduni na Turathi cha Juma Al Majid kinajulikana kwa kukarabati miswada na kukusanya nakala zake kutoka nchi nyingi. Mwaka 2022 ilifunguliwa Maktaba ya Mohammed bin Rashid huko Al Jaddaf, katika jengo lililosanifiwa kwa umbo la marufaa, kile kibao cha kukunja ambacho watoto wa madrasa huwekea msahafu. Ni jambo la kupendeza kuona marufaa yenye ghorofa saba. Hata hivyo karatasi nilizozifuata hazikuwa katika jengo lolote la namna hiyo. Zilikuwa ndani ya kopo la biskuti.

Nilifika kwa Bibi kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Jina lake silitaji, na msomaji ataelewa kwa nini. Alivuka bahari akiwa na umri wa miaka 11, pamoja na mama yake na ndugu zake wawili. Mama alikuwa mtunzi na mwandishi. Katika daftari lenye jalada gumu alinakili kasida na kutunga zake mwenyewe, akaandika dua, dawa za watoto, tarehe za kuzaliwa na za kufa. Yote hayo yamo kwa Kiswahili cha Unguja na kwa hati za Kiarabu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaniuliza kwetu ni wapi na wazee wangu ni nani, kisha akanikaribisha chai. Kopo lilifunguliwa siku ya tatu.

Nilikuwa na fomu ya ridhaa iliyoidhinishwa na kamati ya maadili ya utafiti. Niliitafsiri kwa Kiswahili na kumsomea yote, kifungu kwa kifungu. Alinisikiliza kwa subira, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma somo lake. Nilipomaliza akasema:

"Piga hizo picha zako, mwanangu, zisije zikaliwa na wadudu. Lakini ukitaka kumwonesha mtu, uniulize mwanzo. Na hizi karatasi tatu za mwisho ni za nyumbani."

"Inshallah, Bibi," nikasema.

Akatia saini. Fomu ilikuwa na visanduku vya kutia alama: anaruhusu kupigwa picha, anaruhusu kunukuliwa, anaruhusu data kutumika katika utafiti. Haikuwa na kisanduku cha "uniulize mwanzo".

Wiki tatu zilizofuata tulisoma pamoja. Wanaozijua hati za Kiarabu za Kiswahili cha zamani wanajua taabu yake. Kasra moja hubeba i na e, dhuma moja hubeba u na o, na aghalabu nuni iliyo kabla ya dali haiandikwi. Kwa hiyo neno moja la herufi mbili laweza kuwa "penda" na laweza kuwa "pinda", na hapana mashine itakayokuambia ni lipi. Atakayekuambia ni mtu aliyemsikia mtunzi akiimba. Bibi alikuwa mtu huyo. Nilisoma kwa kukwama, naye akanisahihisha huku akichambua mchele, mara nyingine bila kutazama karatasi, kwa kuwa alikuwa na mashairi hayo kichwani. Maandishi ya Kirumi niliyoyapeleka Ulaya yalikuwa nusu yake yangu na nusu yake yake. Katika rekodi ya data aliyetajwa kuwa muandaaji ni mimi peke yangu.

Kisha ikaja hatua ambayo fani yetu huiita kusafisha data. Kila kasida katika daftari lile ilifungwa kwa maneno yanayokaribiana, ambayo mama alimwomba msomaji amrehemu na amsomee Fatiha. Tamati ya namna hii ni ya kawaida sana katika miswada ya pwani na ya ulimwengu wa Kiislamu kwa jumla. Kwa mhesabu maneno ni usumbufu. Inajirudia kila shairi, na kujirudia huko hulipandisha neno kama "rehema" mpaka likaonekana kana kwamba ndilo dhamira kuu ya mtunzi. Kwa hiyo huondolewa. Niliandika mistari michache ya programu, nikabonyeza kitufe, na tamati zote zikaondoka mara moja. Nilijisikia mtaalamu.

Chuo nilikosoma, kama vyuo vingi siku hizi, kilitaka data ya tasnifu iwekwe wazi katika hifadhi ya mtandaoni ili watafiti wengine waweze kuikagua na kuitumia. Ni sharti lenye busara, na nitalitetea hapa chini. Niliziweka kando karatasi tatu za nyumbani, nikaziweka wazi picha na maandishi ya zilizobaki. Bibi sikumpigia simu. Nilijiambia kwamba fomu ina saini yake, kwamba muda wa kuwasilisha umekaribia, kwamba kumwuliza upya kutamtia wasiwasi bure. Kosa hilo ni langu. Chuo hakikunizuia kupiga simu.

Niliporudi Dubai mwaka 2022 nilikwenda kumsalimia. Mjukuu wake, msichana aliyezaliwa na kukulia huko, alikuwa ameshaiona data ile kwenye simu yake na kumwonesha bibi yake mwandiko wa mama kwenye kioo. Bibi hakuwa amekasirika, au kama alikasirika hakunionesha. Aliuliza tu: "Nani amesoma?" Nikamweleza kwamba hifadhi huonesha idadi ya waliopakua, na haioneshi wao ni akina nani. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia kabisa:

"Hao waliosoma, wamemrehemu?"

Sikuweza kumwambia kwamba hawakuombwa, kwa sababu maneno ya kuwaomba niliyafuta mimi.

Katika semina nilikuwa nimejizoeza hoja kadhaa kwa ajili ya hali kama hii. Ya kwanza husema kwamba hakuna aliyedhurika. Ukichukua kibaba cha unga, mwenyewe hubaki na upungufu. Ukipiga picha ukurasa, mwenyewe hubaki na ukurasa wake mzima, tena ulimwengu umeongezewa mwingine. Hoja hii ina nguvu, na wanaoipuuza hawajaifikiri vya kutosha. Lakini hebu tutazame namna watu wetu walivyoishi na vitu visivyopungua. Jirani anapokuja kuomba moto, moto wa jikoni haupungui kwa kuchotwa kaa moja. Hata hivyo hapiti uani akajichotea. Hubisha hodi. Akijichotea kimyakimya, hakuna atakayesema ameiba moto, lakini kila mtu atajua kuwa pana kitu kimevunjwa. Mwenye nyumba amenyimwa nafasi ya kuwa yule anayeombwa, anayejua nani amepita mlangoni kwake, na anayeweza kusema leo subiri kidogo. Nilichomwondolea Bibi ni hodi. Karatasi zake zote zimo kopoini, na hakuna hata moja iliyochanika.

Hoja ya pili husema kwamba sheria na taratibu zilifuatwa. Zilifuatwa kweli. Lakini sheria zetu za data zimetungwa kwa ajili ya walio hai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inaeleza wazi kwamba haihusu taarifa za marehemu. Mbele ya sheria, mama wa Bibi hakuwa mtu mwenye haki. Alikuwa chanzo. Katika maadili tuliyolelewa nayo mambo hayako hivyo, kwani amana haiishi kwa kufa aliyeiweka. Kwa kweli huwa nzito zaidi, maana aliyeiweka hawezi tena kuja kuidai. Fomu ya ridhaa hufanya kazi kama risiti. Biashara imefanyika, kila mmoja ashike njia yake. Amana humfunga aliyeipokea kila siku anayokuwa nayo.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu ni ya haki. Kwa zaidi ya karne moja miswada yetu mingi, pamoja na nakala zake, imekaa katika maktaba za London, Hamburg na kwingineko, na mwanafunzi wa Dodoma au Mombasa aliyetaka kuisoma alihitaji viza na nauli ambayo mshahara wa baba yake usingetosha. Kuiweka wazi mtandaoni kumempunguzia mwanafunzi huyo dhuluma hiyo. Nami nisingekuwa nilipo bila kazi ya waliokusanya kabla yangu. J. W. T. Allen aliikusanya miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake iliyotoka 1970 ni miongoni mwa vitabu vya kwanza nilivyovitumia katika fani hii. Karibu na wakati wetu, miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na mpango huo una sharti jema kwamba asili haiondoki nchini mwake. Busara ya sharti hilo ilionekana Oktoba 2023, wadukuzi walipoishambulia maktaba hiyo na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Kilichokuwa wazi kwa ulimwengu mzima kilifungwa kwa ulimwengu mzima. Aliyekuwa na asili nyumbani aliendelea kusoma.

Kwa hiyo sisemi tufunge. Mchwa hawasubiri majadiliano ya kifalsafa, wala unyevu wa pwani. Tena nimewaona baadhi yetu wakiutumia usiri kama pazia la uchoyo: mtafiti anayekalia miswada ya watu miaka ishirini kwa madai ya kuilinda, kumbe anajilindia cheo. Baina ya kuhifadhi na kuhodhi pana nafasi ndogo sana, na anayedai kulinda amana lazima akubali kukaguliwa mara mbili.

Hoja ya nne husema kwamba watunzi wenyewe walitaka kusomwa. Ni kweli. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake yapata 1858, alimwusia binti yake, Mwana Hashima. Ulikuwa wosia wa mama mgonjwa kwa mwanawe. Lakini karibu na mwisho anawageukia wanawake wengine na kuwataka nao wausome. Yeye mwenyewe aliufungua mlango wa nyumba yake. Tena utamaduni wetu wa tenzi ni utamaduni wa kunakili, na lau si wanakili, tusingekuwa na chochote.

Hata hivyo tuangalie walivyonakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa khati nzuri aliyefariki 1945, alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu, na kazi za mkono wake zimo katika maktaba za Ulaya mpaka leo. Kila nakala ya Kijuma ilikuwa na aliyeiomba na aliyeombwa. Kulikuwa na barua, kulikuwa na ujira, kulikuwa na mtu aliyekaa siku kadhaa na maneno ya mwenzake yakipita mkononi mwake, neno baada ya neno. Katika darasa za wanazuoni jambo lilikuwa la wazi zaidi. Kukinunua kitabu hakukumfanya mtu kuwa mpokezi wake. Alikisoma mbele ya mwalimu, na mwalimu akampa ijaza, ruhusa ya kukisomesha, yenye msururu wa majina ya waliokipokea kabla yake. Nakala zilikuwa nyingi na zilikwenda mbali, lakini kila moja ilikuwa na nasaba. Nakala niliyoiweka mimi mtandaoni ilikuwa na kitambulisho cha kudumu cha tarakimu na herufi. Nasaba haikuwa nayo.

Na tamati ile niliyoifuta ndiyo iliyokuwa mkataba. Huu ndio ufahamu ulionichukua miaka kuufikia. Nilidhani mama hakuweka masharti yoyote kwa wasomaji wake, na kwamba sharti pekee ni lile la binti yake, lililosemwa kwa mdomo na ambalo fomu haikulipokea. Kumbe mama naye aliweka lake, kwa wino, mwishoni mwa kila kasida: soma, na ukisoma unirehemu. Huo ndio uliokuwa ujira wake. Mimi niliyafungua mashairi yake kwa watu wote na papo hapo nikayakata maneno yaliyowaambia watu hao wanadaiwa nini. Tena niliyakata kwa sababu yalijirudia mno. Leo najiuliza kama hesabu ya kompyuta ilipotoshwa hata kidogo. Mwanamke aliyezika watoto na kuiacha nchi yake, akaandika neno "rehema" kuliko maneno mengine yote, huenda dhamira yake ilikuwa ni hiyo hiyo.

Si sisi pekee tuliofika njia panda hii. Watafiti wa data wanaijua kanuni ya mwaka 2016 inayotaka data ipatikane, ifikike, iingiliane na data nyingine na itumike tena. Mwaka 2019 watetezi wa haki za jamii asilia walitoa kanuni nyingine ya kuikamilisha, inayouliza nani ananufaika, nani ana mamlaka na nani anawajibika. Kabla ya hapo, jamii ya Wawarumungu wa Australia na watafiti walioshirikiana nao walikwisha kuunda programu ya kuhifadhi picha na maandishi ambamo jamii yenyewe huamua kipi kionwe na nani. Waliipa jina Mukurtu, neno la Kiwarumungu la mfuko ambamo vitu vya thamani huwekwa salama na wazee, na anayetaka kuviona huenda kwa wazee kuomba. Niliposoma habari za mfuko huo nililikumbuka kopo la biskuti.

Basi nilimwuliza Bibi, kwa kuchelewa miaka, lile nililopaswa kumwuliza mwanzo. Nilitarajia aniamuru nifute kila kitu, na nilikuwa tayari. Akasema:

"Mama aliandika asomwe. Kusomwa sina ugomvi nako. Irudishe dua yake pahala pake. Na anayetaka kuuona mwandiko wake, abishe hodi."

Tukafanya hivyo. Maandishi ya Kirumi yalibaki wazi, tamati zikarudi, na jina la Bibi likawekwa katika rekodi pamoja na langu, kwa namna aliyoichagua mwenyewe. Picha zilifungwa, na aliyezitaka aliandika jina lake na haja yake. Toleo la kwanza halikuweza kufutwa kabisa, na waliokwisha kulipakua wanalo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kila ombi lilipoingia nilimpigia simu na kumsomea. Hawakuwa wengi. Aliwakubali karibu wote, akawaombea kheri. Mmoja alimkataa bila kunipa sababu, nami sikumdai. Nafasi ya kukataa bila kujieleza ndiyo iliyoyapa uzito makubaliano yake yote mengine.

Najua utaratibu huu ni wa polepole. Hauwezi kutumika kwa kurasa milioni moja, na kazi yetu inasukumwa kuelekea kurasa milioni moja. Mashine za akili mnemba zinakusanya kila kilicho wazi, Kiswahili kikiwamo, na nani atampigia simu nani? Sina jibu la jumla. Nina jibu la mwanafunzi wa uzamivu, ambaye kwa kawaida hana kurasa milioni moja. Ana kaya tano au kumi, na simu. Ukubwa wa data ya wengine haumsamehe asipiga hodi kwenye milango hiyo kumi. Siku hizi kila mwanafunzi wangu huniandikia, kabla hajapiga picha ya kwanza, majina ya watakaoulizwa, na nani ataulizwa watakapokuwa hawapo.

Sehemu hiyo ya mwisho niliiongeza baadaye. Bibi alifariki mwaka 2024, Mungu amrehemu. Miezi michache baada ya hapo mjukuu wake aliniandikia. Alikuwa amelikuta kopo, lakini karatasi tatu za nyumbani hazikuwamo. Hakujua zimekwenda wapi. Je, ninazo?

Nilikuwa nazo. Hatua yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa kufikiria utaratibu: athibitishe, aandike haja yake, tuwashirikishe warithi wengine. Nilikuwa nimeshaanza kuandika fomu nilipogundua ninafanya nini. Miaka minane ya kukaa na karatasi za watu ilikuwa imenigeuza mwenye mlango wa nyumba isiyo yangu, na mwenye nyumba amesimama nje akibisha hodi.

Nilimtumia picha zote tatu jioni ile. Akanishukuru, kisha akaandika tena kwamba hajui kuzisoma. Kiswahili anakisema na Kiarabu anakisoma, lakini hajawahi kuviona viwili hivyo katika mstari mmoja. Akaniomba nimsomee. Nikamwambia hizo ni za nyumbani, sitamsomea, ila nitamfundisha. Kwa jioni nne, kwa simu, nilimwonesha kwa kutumia kasida zilizo wazi jinsi kasra inavyobeba sauti mbili, na jinsi ya kujua "penda" ni ipi na "pinda" ni ipi. Jioni ya tano hakupiga. Siku ya pili aliniandikia kwamba amezisoma. Hakuniambia zinasema nini. Nikazifuta nakala zangu.